KUMPENDA MUNGU KWA AKILI

Andiko kuu: Marko 12:28-34
Soma pia: Matendo 2:14-36, 1 Wakorintho 14:13-20, Luka 2:41-52

Hii ni wiki ya tatu ya somo letu la amri iliyo kuu. Tumeshaongea juu ya moyo, tumeongea juu ya roho. Leo tunafika mahali ambapo wengi wetu tunapita haraka tukikimbilia nguvu.

Shika Biblia yako. Kama unayo ya karatasi ni afadhali, maanake ile ya simu italeta meseji katikati ya somo. Fungua Kumbukumbu la Torati 6:5 uweke kidole hapo. Hesabu vitu ambavyo Israeli waliambiwa wampende Mungu navyo. Ni vitatu: moyo, roho na nguvu. Sasa nenda Marko 12:30 uhesabu tena. Yesu ametaja vinne. Hicho cha nne ambacho hukukiona kule kwa Musa ni akili. Angalia pia Mathayo 22:37 na Luka 10:27, utaikuta. Mpangilio unabadilika kidogo, lakini akili haikosi.

Je, Yesu aliongeza kitu kipya kwenye Torati? Sidhani. Kwa Waebrania, moyo haukuwa mahali pa hisia peke yake. Mtu aliwaza kwa moyo, akapanga kwa moyo, akakumbuka kwa moyo. Musa aliposema moyo, akili ilikuwa imo ndani. Lakini kufikia siku za Yesu na za wale walioandika Injili kwa Kigiriki, wasikilizaji wengi wangesikia neno moyo na kuacha akili nje. Kwa hiyo imetajwa kwa jina lake, mtu asije akasema hakuambiwa. Na sisi tunaosema Kiswahili tuko kwenye shida ile ile. Ukiniambia "fuata moyo wako" sidhani unaniambia nikae chini nipige hesabu.

Soma mpaka mstari wa 34. Yule mwandishi anarudia jibu la Yesu kwa maneno yake mwenyewe, na anaongeza kwamba upendo huo unazidi sadaka zote za kuteketezwa. Marko anatuambia Yesu aliona jinsi mtu huyu alivyojibu kwa busara, ndipo akamwambia hayuko mbali na ufalme. Mtu amekaribia ufalme, na kilichoonekana kwake ni kwamba amefikiri vizuri! Hili andiko tunalihubiri mara ngapi?

"Lakini Pasta, sisi ni watu wa Roho"

Najua. Na mimi ni mpentekoste, nanena kwa lugha, na sina mpango wa kuacha. Lakini kuna tabia imeingia katikati yetu, kwamba mtu akiingia kanisani anaacha akili getini pamoja na viatu vya matope. (Wale mnaokaa ndani ndani ambako udongo ni ule mweusi mnajua ninachosema.) Mtu akiuliza swali katika ushirika anaambiwa aache kutumia akili, atumie imani. Kijana akisema hajaelewa mahubiri anaombewa, badala ya kuelezwa.

Sasa twende kwa siku yenyewe ya Pentekoste. Matendo 2. Roho ameshuka, ndimi za moto zimeonekana, watu wananena. Walio nje wanacheka, wanasema hawa wamelewa. Petro anasimama. Ana Roho Mtakatifu aliyemjaa dakika hiyo hiyo, kwa hiyo kama kuna siku ambayo mtu angeruhusiwa kupaza sauti tu bila kueleza, ni hii. Anafanya nini?

Kwanza anawapa ushahidi. Mstari wa 15: hawa hawawezi kuwa wamelewa, angalieni saa, ni saa tatu asubuhi. Halafu anafungua maandiko, Yoeli. Kisha Zaburi ya 16, na hapo anajenga hoja ambayo wakili yeyote pale mahakama ya Kajiado angeipenda. Anasema hivi: Daudi aliandika juu ya mtu ambaye mwili wake hautaoza. Je, alikuwa anajisema mwenyewe? Haiwezekani, kwa sababu Daudi alikufa, akazikwa, na kaburi lake lipo hapa mjini, nendeni mkaangalie. Kwa hivyo alikuwa anamsema mwingine. Huyo mwingine ni nani? Sisi tumemwona, ni Yesu. Anamalizia na Zaburi ya 110 kwa njia ile ile: Daudi hakupanda mbinguni, basi yule aliyeambiwa aketi mkono wa kuume si Daudi.

Umeona? Mahubiri ya kwanza kabisa baada ya Roho kushuka yana "kwa sababu", yana "basi", yana kitu cha kwenda kuthibitisha kwa macho. Na watu 3,000 waliokoka siku hiyo. Roho Mtakatifu hakumwondoa Petro akili. Aliichukua akili ya mvuvi akaitumia kuliko ilivyowahi kutumika.

Hapa ndipo mtu huniletea Matendo 4:13, kwamba Petro na Yohana walikuwa watu wasio na elimu. Ni kweli, ndivyo baraza lilivyowaona, maana hawakuwa wamepita shule za marabi. Lakini mstari huo huo unasema baraza liliwatambua kwamba walikuwa pamoja na Yesu. Miaka kama mitatu na Mwalimu mmoja, asubuhi hadi jioni, wakiuliza, wakisahihishwa, wakipewa mifano, wakitumwa kazini na kurudi kutoa ripoti. Kama hiyo si shule, basi sijui shule ni nini. Walichokosa ni cheti.

Mwingine ataleta 2 Wakorintho 3:6, ile ya andiko na Roho, aseme kwamba kusoma kunaua. Tafadhali soma kuanzia mstari wa 3 hadi wa 8. Paulo anaongea juu ya agano lililochorwa kwenye mawe na agano jipya. Haongei juu ya daftari lako wala juu ya chuo cha Biblia.

Lakini 1 Wakorintho 8:1 naikubali bila kupunguza kitu. Ujuzi peke yake unavimbisha mtu. Tumewaona, na wengine tuko nao kazini: mtu amepata shahada ya pili, sasa hawezi kuombewa na mama ambaye hakumaliza darasa la nane. Hiyo ni dhambi na iitwe dhambi. Ila niseme na upande wa pili, kwamba kuna kiburi cha kutosoma pia. Nimeshasikia mtu akijisifu kwenye maikrofoni kwamba hajawahi kusoma kitabu kingine chochote isipokuwa Biblia, na ukimsikiliza kwa makini utajua hata hiyo haisomi sana.

Sasa neno la Paulo kwetu sisi tunaonena kwa lugha. 1 Wakorintho 14. Mstari wa 18 anamshukuru Mungu kwamba yeye ananena kuliko wote pale Korintho. Kwa hivyo hatuwezi kusema hakujua anachosema. Mstari wa 14 anasema akiomba kwa lugha, roho yake inaomba lakini akili yake haizai kitu. Ungetarajia aseme "basi haidhuru". Hasemi hivyo. Anasema ataomba kwa roho na ataomba kwa akili pia, ataimba kwa vyote viwili. Mstari wa 19: kanisani anachagua maneno 5 yanayoeleweka kuliko maneno 10,000 yasiyoeleweka. Kisha mstari wa 20, ambao ningependa kila mshirika aujue kwa kichwa: katika uovu tuwe kama watoto wachanga, lakini katika kufikiri tuwe watu wazima.

Katika kufikiri tuwe watu wazima. Wakorintho walikuwa na karama zote, na bado waliambiwa hivyo.

Mzee aliyeingia darasa la kwanza

Wengi wenu mnamkumbuka Mzee Kimani Maruge. Mwaka 2003 serikali ilifanya elimu ya msingi kuwa bure. Januari 2004 mzee huyu, aliyesemekana kuwa na miaka 84, akajitokeza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na kaptura na soksi ndefu, akaomba kuandikishwa darasa la kwanza. Alikuwa amepigania uhuru siku za Mau Mau, na alikuwa na wajukuu waliokuwa wakisoma shule hiyo hiyo. Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, alimkubali ingawa si kila mtu alifurahia.

Alipoulizwa kwa nini, sababu zake zilikuwa rahisi. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe, na alitaka kuhesabu pesa zake. Ile ya Biblia ilikuwa na kitu ndani yake: alikuwa na shaka kama wahubiri wanafuata kweli kile kilichoandikwa, na hangeweza kujua kama hawezi kusoma.

Mimi nikisikia hivyo nafikiria Matendo 17:11. Watu wa Beroya wanasifiwa kuwa waungwana kuliko wale wa Thesalonike, kwa sababu walimpokea Paulo kwa moyo wote, halafu wakaenda kila siku kuchunguza maandiko waone kama alichosema ni kweli. Angalia walimchunguza nani. Paulo! Mtume. Na Luka hasemi walikuwa waasi au wana roho ya kupinga watumishi. Kama Beroya waliruhusiwa kumpima Paulo, mimi pasta msaidizi wa Kitengela ni nani hata nisipimwe? Mkipata kwamba nimenukuu mstari vibaya katika karatasi hii, nipigieni. Sitawalaani.

Mzee Maruge hakuishia hapo. Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani akaenda New York, Umoja wa Mataifa, kuwaambia wakubwa wa dunia juu ya elimu ya bure. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimfukuza nyumbani, akaishi kwenye hema kambini, na hata huko hakuacha shule. Mwishowe alihamia Nairobi, kwenye nyumba ya wazee, akajiandikisha tena shule ya msingi. Mei 2009 alibatizwa katika kanisa la Katoliki Kariobangi akaitwa Stephen, na Agosti mwaka huo huo akafariki.

Najua katika kanisa letu wapo akina mama na wazee ambao wanabeba Biblia kila Jumapili na hawawezi kuisoma. Wanafungua mahali popote jirani anapofungua. Wengine walitolewa shule wakiwa wadogo wakaozwa, na hapa Kajiado hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Mwalimu Priscilla Nangurai, aliyekuwa mkuu wa shule ya wasichana ya AIC pale Kajiado mjini, alijulikana nchi nzima kwa kuwapokea wasichana waliokuwa wakikimbia kuozwa mapema. Ile kazi ilikuwa ya imani, na ilifanywa kwa dawati, ubao na chaki. Kwa wale ambao hawakupata mtu wa kuwapokea: ngumbaru si aibu. Zungumza na mimi au na mama kiongozi wa ushirika wako, pembeni, hakuna atakayekutangaza.

Tena hii si mambo ya kigeni kwa kanisa la Kenya. Waulize Wakikuyu wa zamani Wakristo waliitwaje. Waliitwa athomi, yaani wasomaji. Kule Buganda nao waliitwa kwa neno la namna hiyo hiyo. Kuokoka na kujifunza kusoma vilikuwa karibu kitu kimoja. Hata wamisionari wa kipentekoste walioanza kazi Nyang'ori, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1920, kanisa na shule vilikwenda pamoja. Na Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, kasisi na msomi aliyefundisha Makerere na baadaye Uswisi, alitumia miaka yake ya uzee kutafsiri Agano Jipya moja kwa moja kutoka Kigiriki hadi Kikamba, likatoka mwaka 2014. Alikuwa amepita miaka 80. Hapo unaona mtu anampenda Mungu kwa vitenzi na nomino.

Akili na mfuko

Nilisomea biashara chuoni, kwa hivyo mtanivumilia nikikaa hapa kidogo.

Kati ya 2006 na 2007 Kenya ilikumbwa na upatu wa piramidi. Jopokazi lililoongozwa na Francis Nyenze lilikuta kwamba watu zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Wengi walikuwa watu wa kanisa, na habari ilisambazwa kanisani, kwa sababu kanisani ndiko watu wanaaminiana. Majirani zetu Tanzania walikuwa na yao, DECI, na hiyo inauma zaidi kwa sababu waliokuwa wakiiendesha walikuwa wachungaji. Hukuitwa kuwekeza. Uliitwa "kupanda mbegu", na ukilipwa "umevuna". Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009 ikazuia akaunti, na viongozi wake wakafikishwa mahakama ya Kisutu, watu waliandamana kuitetea. Walikuwa wamesikia lugha ya kanisa, wakafikiri ni jambo la Mungu.

Hebu tupige hesabu ambayo mtu wa darasa la saba anaweza. Tuseme mtu anakuja kwa WhatsApp ya ushirika wenu anasema pesa yako itazaa asilimia 10 kila wiki. Weka shilingi 10,000 uiache izae. Baada ya wiki 52 inakuwa kama milioni 1.4. Mwaka wa pili inapita milioni 200. Mwaka wa tatu inapita bilioni 28. Kutoka kwa elfu kumi! Sasa uliza swali moja tu: ni biashara gani hapa duniani inayotoa hiyo? Kiwanda cha saruji Athi River hakitoi. Benki haitoi. Kwa hivyo pesa anayokulipa inatoka kwa mshirika aliyeingia baada yako, na yule wa mwisho ni mama mboga wa kanisa lenu. Ukijua hivyo na bado unaingia kwa sababu wewe umewahi mapema, hapo akili haikukosa, kilichokosa ni upendo.

Ardhi nayo. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na tangu hapo ploti zimeuzwa, zikakatwa, zikauzwa tena. Waulize wenyeji watakuambia ya karatasi zilizotiwa kidole gumba bila kusomwa. Leo ni wageni wanaolia. Mtu anaonyeshwa mahali na broka Jumamosi, anaambiwa kuna wateja wengine watatu wanakuja Jumatatu, anapiga magoti anapata "amani moyoni", analipa. Ndugu yangu, amani moyoni ni nzuri. Lakini nenda ofisi ya ardhi upekue rekodi uone jina lililo kwenye taito. Chukua saveya aonyeshe mabikoni. Kama ni shamba la kilimo, uliza kibali cha Bodi ya Ardhi, uliza kama mke au mume wa muuzaji amekubali. Luka 14:28, Yesu anaongea juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anaketi kwanza, anahesabu gharama. Kuketi kwanza. Mithali 14:15 inasema nani anaamini kila neno analoambiwa, na jina analopewa huyo mtu si zuri, soma mwenyewe.

Halafu tukiibiwa tunakuja mbele kukemea roho ya hasara. Tutakuombea, ndiyo, lakini sehemu ya maombi hayo ingefanyika mapema pale dirishani kwa karani wa ardhi.

Mtoto akirudi na swali

Hapa ndipo nimepata mzigo zaidi wiki hii, kwa hivyo wazazi nisikilizeni.

Katika kaunti yetu, ukishuka barabara ya Magadi, kuna mahali panaitwa Olorgesailie. Louis na Mary Leakey walifukua pale miaka ya 1940. Yako mashoka ya mawe yamelala chini kwa mamia, na wataalamu wanakadiria mengine yalitengenezwa karibu miaka milioni moja iliyopita. Shule nyingi hupeleka watoto huko. Mtoto wako wa Gredi ya 7 atarudi jioni, avue viatu, aseme: "Mama, mwalimu amesema watu waliishi hapo miaka milioni moja iliyopita. Na Adamu?"

Utamjibu nini? Nimeshasikia majibu ya aina mbili. Moja ni "nyamaza, hayo ni ya shetani". Lingine ni "uliza Pasta", linalosemwa kwa sauti inayomaanisha usiulize tena. Mtoto si mjinga. Anaelewa kwamba kuna vitu viwili: kuna kanisa, ambako huulizi, na kuna shule, ambako unauliza na kujibiwa. Anaendelea kuja kanisani mpaka amalize kidato cha nne. Akifika chuo hatujui tena anaabudu wapi, na tunasema dunia imemchukua.

Mimi sitamaliza swali la Adamu na mashoka katika karatasi ya kurasa nne. Wakristo wanaompenda Yesu na kuamini Biblia hawakubaliani jinsi ya kusoma siku za Mwanzo 1, na hawakuanza kutokubaliana jana. Augustino wa Hippo, mwaafrika mwenzetu wa karne ya 4 na ya 5, aliandika akijiuliza siku hizo zilikuwa siku za namna gani, na hakukuwa na Darwin wakati huo. Ninachotaka kusema ni kwamba mtoto aliyeuliza hajaasi. Luka 2:46 inatuonyesha mvulana wa miaka 12 ameketi hekaluni katikati ya walimu, anafanya nini? Anawasikiliza na anawauliza maswali. Mvulana huyo ni Bwana wetu. Na mstari wa 52 unasema aliendelea kukua katika hekima. Kama Yesu mwenyewe katika mwili alikua katika hekima, basi kukua huko si jambo la walimwengu.

Kwa hivyo mjibu hivi, "Hilo ni swali zuri, mimi silijui lote, tulitafute pamoja." Maneno hayo hayapunguzi heshima ya mzazi. Kisha mtafute kweli. Muulize yeye mwenyewe shoka hilo linamwambia nini juu ya aliyelichonga. Soma naye Mwanzo 1 polepole, muone inamwita Mungu nani na mwanadamu nani, maana hilo liko wazi kuliko hesabu ya miaka. 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza sababu ya tumaini letu, tena kwa upole. Anaposema kila anayeuliza, wa kwanza ni yule anayekula ugali nyumbani kwako.

Kile kilichotokea Shakahola

Sitaandika mengi. Kuanzia Aprili 2023 makaburi yalifukuliwa msituni Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miili iliyopatikana ilizidi 400. Wengi walikuwa watoto. Ya mahakama tunawaachia mahakama. Lakini kabla watu hawajaingia msituni kufunga hadi kufa, kulikuwa na miaka ya mafundisho. Shule ni mbaya, waondoe watoto. Hospitali ni mbaya. Vitabulisho ni vibaya. Mlango mmoja mmoja ambao sauti nyingine ingepitia ulifungwa kwanza, na waliofunga walidhani wanatii.

Baadaye serikali iliunda jopokazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kuangalia namna ya kuyasimamia makanisa, na wenzetu wengi wakalalamika kwamba tunateswa. Yako ya kujadili katika sheria hizo, mimi pia nina wasiwasi na baadhi yake. Lakini nikisikia mchungaji anasema kutakiwa kusoma theolojia ni mateso, ninashindwa kumsaidia. Daktari wa jino lako amesoma. Anayeshika roho yako?

Ukisikia fundisho, hata hapa kwetu, linalokukataza kuuliza, kusoma, kwenda hospitali au kuongea na ndugu zako, toka. Usingoje kuona mwisho wake. 1 Wathesalonike 5:19-21 inaweka mambo mawili pamoja: msimzimishe Roho, na mjaribu mambo yote. Katikati ya hayo mawili kuna neno juu ya unabii, ambao Paulo anasema tusiudharau. Tusiudharau, na tuujaribu.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

Kabla ya Alhamisi, kila mmoja asome Injili ya Marko yote kwa kikao kimoja. Inachukua kama saa moja na nusu, chini ya mechi moja na mapumziko yake. Asiyeweza kusoma, asomewe. Uwe na kalamu, uandike maswali matatu ambayo huna majibu yake, na usiandike ya kupendeza watu, andika yale ya kweli. Mkikutana mzungumzie haya:

Ni swali gani kuhusu imani ambalo umelibeba miaka mingi bila kumwuliza mtu, na ni nini kilikuzuia?

Soma Matendo 18:24-26. Apolo alikuwa hodari wa maandiko na mnenaji mzuri, lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Akila na Prisila, mafundi wa mahema, walimchukua kando wakamweleza vizuri zaidi. Hapa kwetu, mhubiri akikosea, nani anaweza kumchukua kando? Atakubali?

Kuna mtu yeyote katika ushirika wenu ambaye angependa kujifunza kusoma, au ambaye anaweza kufundisha saa moja kwa wiki? Viongozi mniletee majina Jumapili, mnikabidhi mimi mwenyewe mkononi, yasitumwe kwenye WhatsApp.

Wiki ijayo tutamalizia na nguvu. Someni Nehemia 4 kabla ya kuja, na mje na Biblia.